Mkeka Kando ya Kitanda Cheupe

Harufu ndiyo iliyoniumbua. Nilikuwa nimesimama mapokezi, nimeshika begi langu la magurudumu kama mtu anayejua anakokwenda. Binti wa hapo alikuwa ananieleza kwamba kwao ni hoteli butiki, yaani vyumba vichache na huduma ya karibu. Kwangu mimi butiki ni duka la nguo, lakini nilitikisa kichwa kisomi. Ndipo harufu ya nta ya sakafu ikanipanda puani, nikatazama chini. Sakafu nyekundu ya saruji, imesuguliwa mpaka inang'aa. Kuta zilikuwa zimepakwa kijivu, rangi ambayo siku hizi ndiyo ustaarabu wenyewe, na ua wa nyuma umewekewa meza na miavuli. Sakafu ilikuwa ile ile.

"Kuna shida, mama?" binti akauliza.

"Hakuna. Niliwahi kulala hapa."

"Lini? Mbona tumefungua juzi tu?"

"Kabla hujazaliwa."

Akacheka kile kicheko cha adabu wanachowekewa wateja wazee. Mimi nilikuwa nimeichagua hoteli hii kwenye simu kwa sababu ya picha ya mashuka meupe, na kwa sababu iko Nyasho, hapa Musoma, katikati ya nyumba za watu, mbali na baa na maspika yake. Nilidhani nimechagua kwa akili.

Nilikuwa nimekuja kuzika. Shangazi alinipigia nikiwa chuoni, na kwa desturi yake hakuzunguka.

"Magesa ametutoka. Tunazika kwetu Mugeta. Unakuja kama nani?"

"Shangazi?"

"Nakuuliza wewe. Ukikaa upande wa wafiwa watu watauliza. Ukikaa upande wa wageni watauliza. Sasa unakuja kama nani?"

Mimi hulipwa mshahara kwa kujibu maswali, na mengine huyajibu kwa kurasa nyingi kuliko yanavyostahili. Hilo nililijibu kwa kusema mtandao unakatika.

Magesa ndiye mwanaume aliyenizaa. Kwa mila za kwetu hilo halikumfanya kuwa baba yangu. Bibi yangu, Nyakaho wa Butiama, alikuwa mjane mwenye ng'ombe na asiye na mtoto wa kiume. Kwetu Mara mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi alitoa ng'ombe, akamwoa mama yangu, na watoto ambao mama angewazaa, kwa mwanaume yeyote, walikuwa wa nyumba ya Bibi. Nikazaliwa mimi peke yangu. Utotoni sikuona ajabu yoyote. Wenzangu walikuwa na baba, mimi nilikuwa na Bibi, na Bibi alikuwa na sauti kubwa kuliko baba wengi. Ajabu niliipata chuo kikuu, mhadhiri alipotuchorea ubaoni pembetatu na maduara kueleza ndoa hiyo, nami nikakaa mstari wa mbele nikijitafuta niko duara lipi.

Mambo yaliharibika mama alipofariki. Nilikuwa bado sijang'oa meno yote ya utoto. Ninachokikumbuka cha hospitali ni kidogo na kiko wazi mno: mlango wenye namba, kitanda chenye shuka jeupe, mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani akileta uji kwenye sinia, na mwanaume mwenye miwani na kalamu mfukoni akimfunua mama macho na kumtazama mdomoni. Kisha tukarudi nyumbani bila yeye.

Msiba haujapoa, Magesa akatuma neno. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba Bunda, ameoa miaka mingi na hajapata mtoto. Sasa mama yangu hayupo, alisema, na bibi kizee kubaki peke yake na mtoto haifai. Alitaka kunichukua. Bibi hakumtaka aje Butiama, na yeye mwenyewe hakukubali kukanyaga Bunda. Katekista wetu ndiye aliyesuluhisha: wakutane Musoma, Nyasho, kwa Mama Tereza, mjane wa parokiani aliyegeuza nyumba ya marehemu mumewe kuwa hoteli ndogo ya kupokea wageni waungwana. Magesa angelipia vyumba. Hapo si kwa huyu wala si kwa yule.

Mimi sikuambiwa lolote kati ya hayo. Niliogeshwa, nikapakwa mafuta mpaka miguuni, nikaambiwa tunakwenda mjini.

Mama Tereza alitupokea amefunga kitambaa cheupe kichwani. Alitupitisha kwenye sakafu nyekundu, akasimama mbele ya mlango wenye namba, akaufungua. Ndani palikuwa na kitanda kimoja kikubwa, na juu yake shuka jeupe lililonyooshwa hata sikuona mkunjo.

Nikajua. Mmoja wetu alikuwa mgonjwa, na hapa ndipo watu wanapoachwa.

Bibi alisimama akakitazama kile kitanda kama unavyomtazama mtu asiyekuamkia. Kisha akafungua mzigo wake, akatoa mkeka, akautandika chini kati ya kitanda na ukuta. Akapanga vitu vyake: kibuyu cha maziwa mgando, mfuko wa unga wa udaga wa muhogo, michembe ya viazi vitamu, samaki furu wakavu waliofungwa kwenye gazeti, sufuria, mwiko. Harufu ya furu ikaijaza nyumba ya waungwana kabla hajakaa.

"Mama," Mama Tereza akasema kwa upole wa kibiashara, "chai ya asubuhi imo humo humo. Mkate, mayai, siagi. Na chakula cha mchana. Bwana Magesa amekwisha kulipa yote."

"Ndiyo maana hatuli."

"Mtakula nini sasa?"

"Tumekuja nacho. Ninaomba moto tu kule uani. Moto hauna mwenyewe."

"Tangu nifungue hoteli hii hakuna mgeni aliyewahi kuniletea kibuyu."

"Basi sasa amekuja."

Mama Tereza alipoondoka niliuliza kwa nini hatuli, maana mkate wa siagi nilikuwa nimeuonja Krismasi na sikuwa nimeusahau. Bibi alinikalisha kwenye mkeka.

"Sisi hatulagi cha mtu kabla ya maneno kwisha," akasema. "Ukishakula kwa mtu, wewe ni mgeni wake. Na mgeni habishani na mwenye nyumba. Umesikia, mama?"

"Na kitanda?"

"Kitanda nacho ni chake."

Nilisikia, ila sikuamini. Niliona wazi kwamba Bibi ana ujanja: kifo kikija kitaangalia kitandani, kitakuta shuka tupu, kitaondoka. Nikajibana ukutani kabisa, nikavuta na miguu.

Magesa na dada yake walitukuta sebuleni kwa Mama Tereza, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Magesa alikuwa na miwani. Alikuwa na kalamu mfukoni. Daktari amefika. Dada yake, ambaye leo ni Shangazi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliingia pale kama anayeingia darasani.

"Wewe, njoo hapa. Simama wima. Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Magesa, ona mwanya. Mwanya wa mama yetu huu." Akanivua kiatu, akainua mguu wangu nikabaki nimesimama kama korongo. "Na hiki kidole cha pili kimekipita kidole gumba. Nani ana kidole hiki kama si sisi? Mama, mtoto huyu ni wetu, hata kipofu ataona."

Bibi alikuwa amekaa chini, amekunja miguu pembeni, makochi yote yakiwa matupu.

"Hata ndama anafananaga na dume la jirani," akasema. "Jioni anarudi zizi gani?"

"Mtoto si ndama, mama!"

"Hata mimi nasema hivyo. Wewe ndiye unayemwangalia meno."

Mama Tereza, aliyekuwa anapita na sinia, alikohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa. Magesa akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi. Nilikuwa namtazama yeye, kwa sababu daktari ndiye mwenye kauli ya mwisho. Aliniuliza tu ninasoma darasa gani. Nikaficha mdomo kwa mikono yote miwili.

Shangazi hakuwa mtu wa kushindwa kwa methali. Akavuta kiti karibu.

"Tusitaniane, mama. Serikali haijui habari ya mwanamke kuoa mwanamke. Tukifika mbele ya wakubwa watauliza swali moja tu, baba wa mtoto ni nani? Utasimama wewe, na kanga yako, useme ni mimi?"

"Nitasimama."

"Watakucheka."

"Nimeshachekwa na watu wazuri kuliko hao."

Lakini niliuona mkono wake. Alikuwa amekamata pindo la kanga, analiviringisha, analiviringua, analiviringisha tena. Bibi aliyekuwa akifukuza fisi kwa mwiko alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa sijui kwamba jambo hilo linawezekana.

"Kesho pikapu ya kiwanda inakuja," Shangazi akamaliza. "Tukishakula mchana, tunamchukua. Muage vizuri."

Alasiri ile Bibi alikuwa uani, anachagua furu kwenye ungo, vichwa upande huu, miili upande ule. Kutoka jikoni kwa Mama Tereza ilikuja harufu ya vitunguu vikikaangwa, na mate yakanijaa mdomoni mpaka nikaona aibu, kwamba mtu anayekufa bado anatamani vitunguu.

"Bibi, nitakufa lini?"

Mikono yake ikasimama. "Nani amekwambia unakufa?"

"Wameniangalia mdomo. Wamesema kesho wananichukua. Na mama walimchukua hivyo hivyo."

Alitaka kucheka, nikaona kicheko kikianza kwenye mashavu, hakikufika. Aliniweka kwenye paja lake lenye magamba ya samaki.

"Hapa si hospitali, mama. Hapa ni nyumba ya kulala watu wenye hela. Wewe ni mzima kabisa. Ndiyo maana wanakutaka. Yule wa miwani ndiye aliyekuzaa. Anataka ukakae kwake Bunda."

"Na wewe?"

"Mimi kwetu ni Butiama."

Nikafikiri. Nilipima vitu viwili hivyo kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nikaona afadhali ugonjwa.

"Utanitoa?"

Bibi akarudisha mikono kwenye ungo. "Hebu shika hawa, ule," akasema, akaniwekea furu kiganjani. Alikuwa mtu wa kuahidi kwa urahisi: mvua, nguo za sikukuu, viboko. Safari hiyo hakuahidi.

Siku iliyofuata pikapu ilifika mapema, ikaegeshwa chini ya ukuta, dereva akalala ndani na miguu nje ya dirisha. Shangazi alikwenda mjini kuninunulia gauni, kwa maelezo kwamba siwezi kuingia Bunda na lile nililovaa, watu watadhani nimeokotwa. Magesa alikaa peke yake kwenye meza ya dirishani, akaletewa pilau.

Mimi nilisimama koridoni, nimeegemea ukuta, na nikalitazama lile pilau likiliwa kwa umakini ambao baadaye sijawahi kuupa tasnifu yoyote. Aliuanza mlima wa wali kwa pembeni. Akaweka nyama kando mpaka mwisho. Mama Tereza akamwongeza, akala na nyongeza. Akamalizia na ndizi, akakunja ganda lake vizuri juu ya sahani. Hakuniona, au alifanya hanioni.

Bibi alinivuta ndani. Alikuwa amesonga ugali uani, akauleta chumbani umefunikwa, na furu wa mchuzi wa karanga kwenye bakuli. Akavipanga kwenye mkeka. Akaweka na kibuyu. Akaketi, akafunga mlango kwa mguu.

"Tunakula?"

"Tunasubiri."

"Tunasubiri nini?"

"Kaa kimya, mama."

Tukasikia viatu kwenye saruji. Vikaja taratibu, vikasimama. Kivuli kikaingia chini ya mlango. Chumba kile yeye ndiye aliyekilipia. Angeweza kusukuma mlango tu, na Bibi asingekuwa na la kusema. Kivuli kikakaa pale. Bibi alikuwa amenishika kifundo cha mkono.

"Hodi," sauti ikasema.

Bibi akanyoosha pindo la mkeka.

"Hodi humu ndani."

"Karibu," akasema Bibi, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tutoke nyumbani. Sauti yake ya Butiama, ya mlangoni kwake.

Magesa akaingia. Akatazama kitanda, hakuna aliyekigusa. Akatazama mkeka. Akainama, akavua viatu, akaviacha nje ya mlango, akaketi pale Bibi alipomwonyesha. Bibi akamnawisha mikono, maji yakidondokea kwenye sufuria.

"Karibu chakula, baba."

Akamega. Akabonyeza tonge kwa kidole gumba, akachovya, akala. Nilitarajia ale kidogo kama watu wa mjini. Akala kama amelima. Ulipobaki ugali wa upande wangu akausogeza kwangu, nami nikala naye bakuli moja. Bibi akampa kibuyu, akanywa, akajifuta mdomo kwa kiganja. Bibi alisubiri mpaka alipomeza funda la mwisho. Nilimwona akilitazama koo lake.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Umepiga hodi kwangu, nimekukaribisha. Umevua viatu. Umekula ugali wangu na mtoto wangu. Wewe ni mgeni wetu."

Magesa alikuwa amezaliwa Mugeta, kati ya pamba na ng'ombe. Hakuhitaji kutafsiriwa. Alitazama mikono yake yenye mchuzi kwa muda, halafu akanitazama mimi, miguuni, kwenye kile kidole.

"Ndiyo, mama," akasema. "Mimi mgeni."

Hapo ndipo Shangazi alipofungua mlango bila hodi, gauni la njano likining'inia mkononi. Akaona bakuli. Akaona vidole vya mdogo wake.

"Magesa. Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Umekula kwa huyu mama?"

"Nimekula."

Shangazi akarudi nyuma, akaketi kitandani, na kitanda kikabonyea na kulia kwa nguvu. Ndiye mtu pekee aliyekitumia kile kitanda.

"Jamani! Umeuza mtoto kwa furu!"

"Hajauza," Bibi akasema, akiinuka kukusanya vyombo. "Hakuwa wake. Na wewe karibu, ugali haujaisha."

"Mimi sili!" Shangazi akapiga kelele, na kwa jinsi alivyofunga mdomo nilijua kwamba yeye pia alikuwa amezaliwa Mugeta.

Gauni nilipewa, kwa sababu mgeni anaruhusiwa kuja na chochote. Tukaaga. Bibi alikunja mkeka, akamwachia Mama Tereza michembe iliyobaki, iwe ahsante ya moto wake. Tangu hapo Magesa alikuja Butiama kila baada ya pamba kuuzwa, na sukari mkononi, na kila mara alisimama nje ya ua akapiga hodi, hata nilipokuwa nimemkimbilia njiani na kuning'inia shingoni mwake. Alilala kwenye mkeka. Hakuniita mwanangu. Bibi alipofariki alikuja, akakaa upande wa wageni, juani, ingawa kivulini nafasi ilikuwepo na watu walimwita.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi. Nimeisimulia kwenye sherehe, darasani, na katika makala moja yenye maneno marefu ambayo hakuna aliyeimaliza. Siku zote ilikuwa habari ya ujanja wa Bibi: mwanamke asiyejua kusoma aliyemtega karani mwenye njaa kwa ugali. Watu hucheka mahali pale pale, nami hungoja kicheko chao kama mwimbaji anayejua kiitikio.

Leo asubuhi nimekaa kwenye meza ya dirishani. Binti wa mapokezi ameniletea mayai, mkate, siagi, na ndizi. Nimekula vyote. Nilipokunja ganda la ndizi juu ya sahani mkono wangu ukasimama.

Alikuwa amekula. Nilimwona mimi mwenyewe, kwa macho ya njaa: pilau, nyongeza, nyama, ndizi. Mtu aliyetoka kwenye meza hii hakuwa na nafasi ya tonge moja. Alitembea koridoni ameshiba, akasimama mbele ya mlango wa chumba alicholipia, akapiga hodi mara mbili, akala tena mpaka bakuli likabaki tupu. Muda wote huo nilikuwa na ushahidi tumboni mwangu, nikaumeza pamoja na mate.

Simu ikalia. Shangazi.

"Umefikia wapi?"

"Nyasho, Shangazi. Kwa Mama Tereza. Wameipaka kijivu."

"Kitanda kinabonyea bado?"

"Wameweka kingine."

"Afadhali." Nikamsikia akihema, na nyuma yake sauti za watu, sufuria, kuni zikipasuliwa. "Haya. Watu wameshaanza kuniuliza. Unakuja kama nani?"

"Mgeni, Shangazi. Nitapiga hodi."

Akanyamaza mpaka nikadhani safari hii mtandao umekatika kweli.

"Umekula huko?" akauliza.

"Nimekula. Nimeshiba kabisa."

"Basi njoo ule," akasema Shangazi.